Mwaka wa Fidla Isiyo na Mwimbaji

Habari ya kifo cha Mama Kanta niliipata mchana, ofisini, kwa mdomo wa mpwa wake aliyekuja mjini kwa shughuli zake za biashara na akaona ni vyema anifikie mwenyewe kuliko kuniacha niisikie kwa watu. Aliketi mbele ya meza yangu, akakataa chai, akasema, "Shangazi ametutoka. Hakuumwa sana. Alilala mchana, basi." Nilimpa pole, naye akanipa pole, kama watu wawili waliofiwa na mtu mmoja kwa njia mbili tofauti. Alipoondoka nilifunga mlango, nikatambua kwamba kilichonijia kichwani hakikuwa sura ya Mama Kanta bali sauti: fidla moja, nyembamba, ikipanda juu ya mngurumo wa cherehani. Nimekwisha kufika umri wa kujua kwamba mtu huishi miaka mingi lakini huundwa kwa michache sana. Wangu ulikuwa mmoja. Niliuishi Handeni, katika chumba cha nyuma cha duka, Waingereza wakiwa bado wanatutawala ingawa tayari tulikuwa tumeanza kuwaangalia kama wageni waliokaribia kuaga. Ya wazazi na ukoo wangu sitayaeleza hapa, yana mahali pake. Hapa nataka kueleza jinsi muziki mmoja ulivyonifikia, na mwanamke aliyenipa muziki huo huku akijifanya kwamba mimi ndiye niliyempa yeye.

Nilikuwa mwalimu mpya, ndiyo kwanza nimetoka kwenye mafunzo, na nyumba ya walimu wa kike ilikuwa bado kuta tupu zisizo na paa. Mwalimu mkuu akanitafutia chumba kwa mjane wa Kihindi ambaye mumewe, Bwana Magan, alikuwa amefariki muda mfupi kabla sijafika. Watu walishangaa kidogo, binti wa Kizigua, Mwislamu, kupanga kwa Banyani, lakini mshangao wa mji mdogo hauna nguvu ya kudumu. Mama Kanta alinipokea mlangoni akiwa na sari nyeupe na mikono mitupu isiyo na bangili hata moja. Alizaliwa Pangani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Chumba kilikuwa ghala ya marehemu: kilinuka mafuta ya taa, bizari na khanga mpya ambazo hazijafunguliwa. Palikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la nondo lililoelekea uani, na ukuta mmoja ambao nyuma yake ndiko kulikokuwa na jiko. Juu ya meza, chini ya kitambaa kilichofumwa kwa uzi mweupe, ilikuwapo gramafoni, na kando yake sanduku zito la santuri. "Mashine hii ni ya chumba," alisema bila kuitazama. "Aliyepewa chumba amepewa na mashine. Ukitaka kupiga, piga. Mimi sikukatazi." Nikamwambia sijui kuipiga. "Si kazi, mwalimu. Tia ufunguo mpaka uone unakaza, kisha uache kidogo. Sindano ziko kwenye kopo la peremende. Santuri za jalada la kijani usizichanganye na nyingine." Kwa mtu asiyejali kama nitapiga au sitapiga, alikuwa na maelekezo mengi.

Sikupiga. Wiki za mwanzo nilirudi shuleni nimechoka, nikasahihisha madaftari, nikala. Chakula kililetwa kwenye sinia dogo: chapati laini kama kitambaa, mchuzi wa bamia, au wali uliopikwa pamoja na dengu mpaka ukawa kama uji mzito. Nyama haikuwahi kuonekana katika nyumba ile, na jambo hilo, badala ya kunisumbua, lilinirahisishia maisha, kwa kuwa pasipo nyama hakuna wa kuuliza nani amechinja. Mama yangu mdogo alipokuja kutoka Sindeni kunitazama, alinigeuzageuza kwenye mwanga kama mtu anayechagua kuku. "Umekonda. Wanakulisha majani?" Nikamwambia nashiba. "Mbuzi naye anashiba," akajibu, kisha akala chapati zangu zote na kuuliza kama zipo nyingine.

Aliyenifumbua macho ni Fundi Mhando. Huyu alikuwa mshonaji wa makamo aliyekuwa na cherehani yake barazani pa duka, mtu wa maneno mengi ambaye ujanani alikaa Tanga na kuhudhuria taarabu nyingi kuliko ilivyomfaa. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, mashine ya marehemu imeharibika?" Nikasema sidhani. "Basi mbona kimya? Bwana Magan alikuwa akifunga duka tu, anakaa nayo. Sasa mama wa watu hawezi kuigusa. Kwao, mwaka wa kufiwa nyumba haipigi muziki, haiendi harusini, haipiki vya sikukuu. Kama eda yetu, ila ndefu. Akiigusa yeye ni aibu." Akakata uzi kwa meno. "Lakini mpangaji hana aibu hiyo. Mpangaji hakufiwa." Nilisimama pale na mfuko wangu wa chaki nikiwa nimeona haya, maana nilikuwa nimeombwa kitu siku ya kwanza kabisa na sikuelewa kwamba naombwa.

Jioni ile, jua likiwa bado uani, nilifungua jalada la kijani. Vibandiko vya katikati ya santuri vilikuwa vimeliwa na mende, hivyo sikuweza kusoma jina la mtungaji wala namba za pande. Nilichojua, kwa maelezo niliyoyapata baadaye, ni kwamba Bwana Magan alizinunua santuri zote hizo kwa pamoja mnadani Ngombezi, msimamizi mmoja wa shamba la mkonge alipouza vitu vyake na kurudi Ulaya. Nilitia ufunguo, nikashusha sindano. Kwanza ngoma, kwa upole, kama mtu anayegonga mlango akijua wenyewe wamo ndani. Kisha ala za kupuliza, kisha kundi zima la nyuzi. Nyuma ya ukuta, kibao cha chapati kilikoma kugonga. Muziki uliendelea kwa muda mrefu, wapigaji wengi wakipokezana, na ile fidla moja iliyochorwa kwenye jalada sikuisikia kabisa. Nilikuwa karibu kukata tamaa ilipoingia, pekee, ikipanda kwa hatua ndogondogo kama mtu aliyechelewa kwenye baraza la wakubwa, anayepita pembeni huku akiomba radhi, na ambaye wote wanageuka kumtazama. Upande ulipokwisha nikasikia kibao kikianza tena. Sinia la jioni ile lilikuja na achari ya embe, mtindi, na kachori mbili za moto. Mama Kanta aliliweka mezani akasema tu, "Leo ulifundisha vizuri, mwalimu?" Tangu hapo nilielewa mapatano yetu, ambayo hatukuwahi kuyataja: siku nilipopiga santuri, sinia lilikuja na achari, siku nilipopitiwa, nilikula dengu kavu na heshima zangu.

Barazani nako walianza kusikiliza. Wasikilizaji wetu walikuwa watu waliolelewa na taarabu, na kwao fidla ni ala inayofungua njia ili mwimbaji apite. Kwa hiyo walimngoja mwimbaji. Fundi Mhando aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani kila fidla iliposhuka na kutulia, akainamisha kichwa: "Sasa. Sasa anaingia." Haingii mtu. "Mwalimu! Mwimbaji wako kafika?" "Bado, fundi." "Huyo kanywa maji mengi njiani." Mmasai mmoja aliyekuja kununua tumbaku aliegemea fimbo yake akasikiliza upande mzima bila kupepesa, kisha akauliza ni ng'ombe gani amepotea, kwa kuwa mtu analia hivyo kwa kupotelewa tu. Wakacheka. Lakini ni Fundi huyohuyo ambaye, baada ya mvua za vuli kuanza, aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ananikabidhi siri ya mwenzake, "Nimekwisha kumwona mwimbaji. Ni yeye mwenyewe fidla. Wale wengine wote ndio waitikiaji. Sisi tulikuwa tunamtafuta mlangoni, kumbe yumo ndani muda wote anaimba." Nimesoma tangu wakati ule maelezo mengi ya wataalamu kuhusu utungo wa aina hii, ambao huitwa konseto, ala moja ikikabiliana na okestra nzima. Sijakuta maelezo yaliyo mafupi na sahihi kama hayo.

Mama Kanta mwenyewe aliujua muziki ule kwa njia ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Katika maisha yote ya ndoa yake aliusikia kupitia ukutani, akipika, wala hakuwahi kuketi chumbani na mumewe ukipigwa. Aliupima kwa jiko. "Hapo nilikuwa nageuza chapati," alikuwa akisema, akiwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba changu bila kuingia, kwa kuwa aliyesimama kizingitini hakuhesabiwa kuwa anasikiliza muziki. "Hapo maziwa yanakaribia kumwagika. Sasa ngoja. Hapa." Na hapo wapigaji wote walinyamaza, fidla ikabaki peke yake. Ndipo mahali ambapo, katika konseto, mpigaji huachiwa kusema anayoyaweza bila mtu yeyote kumsaidia wala kumwingilia: anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, anajiuliza na kujijibu, anapotea, anapata njia. "Hapa," alisema Mama Kanta, "nilikuwa naacha kila kitu. Hata kama kinaungua. Bwana alikuwa ananiuliza mbona chapati hii nyeusi. Mimi namwambia moto mkali."

Katikati ya mwaka ule, shule zikiwa zimefungwa, nilimsindikiza Korogwe kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu, nyumbani kwa shemeji yake. Bwana Jivan, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa na duka kubwa karibu na stesheni, na nyumba nyuma yake. Sitaki msomaji amchukie. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani, mwenye adabu. Aliniuliza habari za wanafunzi wangu na kunipa boksi la kalamu niwapelekee. Aliamini, kwa moyo safi kabisa, kwamba mjane wa ndugu yake kukaa peke yake Handeni na kuuza unga ni aibu iliyo juu ya kichwa chake yeye, na kwamba mwaka wa kufiwa ukiisha lazima duka la Handeni lifungwe na mwenyewe aje kukaa na familia. Hayo aliyasema mbele yake, lakini si kwake. Kwa desturi yao mke hazungumzi moja kwa moja na kaka mkubwa wa mumewe wala hamwonyeshi uso. Mama Kanta alikuwa amevuta sari mpaka kidevuni, na kati yao alisimamishwa mtoto wa nyumba. "Mwambie baba yako nimesikia," alisema. Mtoto akamwambia baba, aliyekuwa umbali wa mkono, "Anasema amesikia."

Mchana nilikaa uani na wanawake, tukichambua mchele. Mke wa Bwana Jivan alikuwa akizungumza na mpishi wao, mama mmoja wa Masuguru aliyelalamika mgongo. "Vumilia kidogo," alimwambia. "Kanta akija, wewe utapumzika. Chapati zote atapika yeye." Kisha akanionyesha, kwa ukarimu wa kweli, mahali palipotayarishwa: chumba kando ya jiko, kitanda cha kukunja kati ya madebe ya samli na magunia ya mchele. Tuliporudi, basi lilipita kando ya mashamba ya mkonge ya Ngombezi, safu baada ya safu, na harufu kali ya makapi ya kiwandani ikaingia madirishani. Harufu ile ilipoisha, Mama Kanta alinigeukia. "Umekiona chumba?" Nikasema nimekiona. "Kina dirisha?" "Hakina, mama." Akatikisa kichwa. "Mimi sikutazama. Niliogopa nikikitazama nitaanza kukizoea." Toka siku ile nilijua kinachotungoja. Yeye alitaka abaki na duka lake, mizani yake, na ukuta wake. Hakuwa na hoja yoyote ya kisheria wala ya kidini, na hakuwa na mdomo wa kuisemea hata kama angekuwa nayo.

Hapa lazima niseme kosa tuliloliishi mwaka mzima bila kulijua. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu na mama wa watoto wawili, nilialikwa mjini kwenye ukumbi mmoja wa utamaduni ambako konseto ile ilipigwa kutoka kwenye santuri mpya, za kupiga muda mrefu, zisizohitaji kugeuzwa kila mara. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kumpokea ndugu. Ngoma iligonga mlango, fidla ikaingia, nikafumba macho. Kisha mambo yakaanza kwenda visivyo. Mahali palipopaswa kufuatiwa na ngoma ya furaha, ile inayorukaruka kama watoto waliotoka darasani, haikuja. Ilikuja mwisho kabisa. Nilitoka nimefadhaika, nikamwuliza msimamizi wa ukumbi, naye akacheka kwa upole na kunieleza kwamba seti za zamani nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya mashine zinazojiangushia santuri moja juu ya nyingine, kisha rundo zima hugeuzwa kwa pamoja, na kwa hiyo upande wa kwanza uliwekwa mgongoni mwa upande wa mwisho, wa pili mgongoni mwa uliotangulia wa mwisho, na kuendelea. Bwana Magan, ambaye mashine yake ilikuwa ya kutia ufunguo na vibandiko vyake vimeliwa na mende, aligeuza kila santuri kama akili ya kawaida inavyoelekeza. Tukafuata. Kwa hiyo Handeni konseto ilianza na kumalizika papo hapo katika santuri ya kwanza, kisha ikawa inaingia ndani zaidi na zaidi, mpaka santuri ya mwisho, ambayo upande mmoja ulikuwa ule wa fidla peke yake, na upande wa pili mwanzo wa sehemu ya polepole, iliyo kimya kama nyumba baada ya wageni kuondoka.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mpangilio wa mtungaji ni bora, na sitajifanya vinginevyo kwa ajili ya mapenzi. Ukiusikia kama alivyouandika, unaelewa kwamba ukuu wa konseto ya fidla hauko katika ustadi wa vidole, ingawa ustadi upo. Uko katika subira. Mtungaji anawapa wengi nafasi ya kusema kila kitu kwanza. Wimbo wote umekwisha kuimbwa kabla fidla haijafungua kinywa. Ikija, haileti wimbo mwingine. Inachukua yaleyale yaliyokwisha kusemwa na watu wote, inayarudia kwa sauti ndogo, na unagundua kwamba ulikuwa hujayasikia. Na okestra, yenye nguvu ya kuizamisha kwa pumzi moja, inajizuia. Watu wengi wenye nguvu wanaochagua kunyamaza ili mmoja asikike: katika nchi iliyotawaliwa, ambako kila siku niliona kinyume cha hilo katika kila ofisi, muziki ule ulinionyesha kwamba inawezekana kupangwa vingine. Hata hivyo ninashukuru kwamba kwanza niliusikia kwa makosa. Kwa mpangilio wetu furaha ilikwisha kutolewa mapema, kama chakula cha wageni, na tulichobakiwa nacho mwishoni ni ile sauti pekee na kimya kinachofuata.

Mwaka wa kufiwa ulipokwisha, Bwana Jivan alikuja na lori. Ilikuwa alasiri, nami nilikuwa nimefika kwenye santuri ya mwisho bila kujua ni nani aliyeteremka mbele ya duka. Nilisikia sauti yake barazani: "Nani anapiga muziki katika nyumba ya ndugu yangu?" Na sauti ya Fundi Mhando, tamu kama asali: "Karibu, mzee. Ni mwalimu, mpangaji. Hana ubaya, anapiga vya Kizungu tu, hata havichezeki." Niliinua sindano, nikatoka mbio. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwalimu." Alikuwa amevua miwani akiifuta vumbi, na bila miwani alionekana mtu aliyechoka. Utingo wa lori alikuwa ameanza kufungua turubai. Nyuma ya pazia lililotenga duka na nyumba nikaona pindo la sari nyeupe, nikajua yupo.

"Mwalimu," ilisema sauti nyuma ya pazia, kwa Kiswahili, "mwambie shemeji yangu chai iko tayari." Hapakuwa na mtoto siku ile. Nikaelewa kwamba mtoto ni mimi. "Mzee, Mama Kanta anasema chai iko tayari." "Mwambie sikuja kunywa chai. Nimekuja na lori. Afunge vitu vyake, vya duka watapakia vijana." Kabla sijageuka, pazia lilijibu: "Mwambie mimi siendi." Nilikuwa binti wa watu, mbele ya mzee wa watu, katika jambo lisilo la kwetu. "Mzee," nikasema, "Mama Kanta anaomba… anaomba apewe muda." "Sikusema hivyo, mwalimu." Sauti haikuwa na hasira. "Sema nilivyosema." Cherehani ilikuwa imenyamaza. "Anasema haendi, mzee."

Bwana Jivan akamjibu kwa Kigujarati, maneno marefu, akilitazama pazia. Mama Kanta akarudi palepale kwenye Kiswahili, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuwa akikitumia kwa ajili yangu. Kwa lugha ya nyumbani kwao alikuwa mke wa mdogo mtu, asiye na sauti. Kwa Kiswahili alikuwa mwenye duka, akisema mbele ya baraza zima. "Mwambie, mwaka mzima huu nani alipima unga? Nani alifungua mlango?" Nikasema. "Mwambie si suala la unga. Watu watasema nimemtupa mke wa ndugu yangu." Fundi Mhando akakohoa: "Mzee, samahani, watu ndio sisi. Hatujasema." "Wewe shona," akasema Bwana Jivan. "Nashona, mzee." Kisha Bwana Jivan akanigeukia, na safari hii sauti yake ilipanda. "Na huu muziki? Ndugu yangu amelala, na ndani ya mwaka wake kuna muziki kila siku? Nimesikia hata Korogwe kwamba unapigwa. Ni adabu gani hiyo, mwalimu?" "Ni wangu, mzee," nikasema. "Nimepiga mimi." Na nilikuwa tayari kwa lolote, hata kuhama. Lakini pazia lilisogea. "Mwambie si wa mwalimu. Mwalimu alitia ufunguo tu. Ni mimi niliyeutaka, kila siku. Ndiyo sauti ya nyumba hii ndugu yake alipokuwa hai. Mwambie kama ni dhambi, ni yangu."

Sikuyarudia maneno hayo. Hakuna aliyesubiri niyarudie. Bwana Jivan aliketi kwenye kiti cha wateja, akaweka miwani gotini. Kisha akauliza, bila kumtaja anayemwuliza, "Magan alikuwa anasikiliza huo?" Nikasema ndiyo, mzee, huohuo, kila jioni. "Hakunialika hata siku moja," akasema. "Nikija hapa tulizungumza bei ya mahindi." Akafikiri. "Piga, nisikie." Nikaenda chumbani, nikatia ufunguo na kurudisha sindano mwanzo wa upande niliokuwa nimeukatiza, mlango nikauacha wazi. Okestra ilisimama, fidla ikabaki peke yake. Nilirudi nikasimama dukani. Utingo alikuwa ameshika pembe ya turubai hajui aifunue au aifunge. Bwana Jivan alisikiliza kama mfanyabiashara anavyosikiliza, uso wake haukutoa chochote. Sisemi kwamba muziki ulimgeuza moyo. Nina shaka na hadithi za namna hiyo, na najua pia kwamba macho yake yalikuwa yamekwisha kupita kwenye rafu na kuona kuwa zimejaa, na kwamba duka linalojiendesha si kitu cha kufunga kwa hasira. Nasema tu kwamba, kwa muda wa upande mmoja wa santuri, mtu mwenye uwezo wa kuamuru alinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kwa hiari yake.

Sindano ilifika mwisho ikaanza kukwaruza. "Imekwisha?" aliuliza, akinitazama mimi.

"Bado," alisema Mama Kanta. "Kuna upande wa pili."

Alikuwa amesema naye. Hakusema "mwambie". Sote tulilisikia hilo, na aliyelisikia zaidi ni yeye Bwana Jivan, aliyebaki ametazama pazia kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani atainuka na kuondoka. "Basi ugeuze," alisema hatimaye, na hakusema nami.

Akatoka nyuma ya pazia, sari imemfunika mpaka kidevuni kama desturi inavyotaka, akapita mbele yetu sote hadi chumbani, na kwa mara ya kwanza nikaiona mikono yake ikigeuza santuri ile, ikitia ufunguo, ikishusha sindano. Alijua kila kitu. Hakukaa kwenye kizingiti. Aliketi kitandani kwangu, mikono mapajani, upande mzima wa sehemu ile ya polepole ukapita, na baadaye chai ikanywewa, ingawa ilikuwa imepoa.

Bwana Jivan hakutoa hukumu yoyote, si siku ile wala baadaye. Ila hakuwa mtu wa kurudisha lori tupu Korogwe. Alimwambia utingo aende nyuma ya duka apakie magunia ya mahindi yaliyoletwa na wakulima wa Sindeni, kwa kuwa gari limekwisha kula mafuta. Mama Kanta akayapima mwenyewe, gunia moja moja, sari usoni, kidole kwenye mizani. Na mzee yule mrefu akasimama kando na penseli sikioni, akisubiri kila mara mpaka mke wa mdogo wake amtajie uzito.